Moshi wa Samawati: Jinsi ya Kufufua Sehemu ya Juu ya Injini ya Boda Boda

Fika kwenye steji yoyote ya boda boda asubuhi na mapema, injini zinapowashwa kwa mara ya kwanza. Haikosi pikipiki moja inayotoa moshi wa samawati, mwenyewe akiwa na chupa ya oili mfukoni mwa koti. Kila baada ya siku mbili anaongeza kidogo. Abiria wanaikwepa kwa sababu ya harufu, mlima wa kwenda sokoni umekuwa mrefu kuliko zamani, na petroli inakula pato la siku. Wenzake humpa ushauri wa aina mbili: auze kwa bei ya kutupa, au atie ringi mpya.

Ushauri wa kwanza mara nyingi ni hasara isiyo ya lazima. Wa pili ni nusu ya ukweli. Ringi mpya zikiwekwa ndani ya silinda iliyochakaa, moshi hurudi, na mwenye pikipiki huwa amelipia kazi ambayo haikumaliza shida. Makala haya yanaeleza namna ya kufanya kazi hiyo ikakamilika. Unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani ukiwa na vifaa na subira, au unaweza kumpelekea fundi ukijua la kumuuliza. Jambo la kushika ni moja: pima kabla ya kununua.

Maelezo haya yanahusu injini ya pistoni moja, ya mipigo minne, inayopozwa kwa hewa, yenye ukubwa wa kati ya sisi 100 na 150. Ndiyo injini iliyo kwenye boda boda nyingi. Wenye pikipiki za magurudumu manne za zamani zenye injini ya aina hiyo wanaweza kufuata kanuni hizi pia.

SEHEMU YA JUU NI IPI?

Injini ya pikipiki ina sehemu mbili kubwa. Chini kuna kranki, beringi zake, klachi na gia. Juu kuna kichwa cha injini chenye vali, kisha silinda ambayo mafundi wengi huiita bloki, na ndani yake pistoni na ringi zake. Sehemu ya juu inaweza kufunguliwa bila kupasua ile ya chini. Ndiyo sababu kazi hii inawezekana nyumbani.

Pistoni ya injini hizi huwa na ringi mbili za kuzuia gesi isipenye, na chini yake ringi ya kukwangua oili. Za juu zikilegea, nguvu ya mlipuko huvujia chini na injini hupoteza nguvu. Ile ya oili ikichoka, oili hupanda juu ya pistoni na kuungua. Huo ndio moshi wa samawati.

SOMA DALILI KABLA YA KUFUNGUA

Moshi una lugha yake. Ule wa samawati unaotoka mfululizo unapokaza moto kupanda mlima humaanisha ringi au silinda. Wa samawati unaotoka kwa muda mfupi asubuhi, au unapokaza moto baada ya kuteremka mteremko mrefu, mara nyingi humaanisha sili za vali zimekauka na oili inateleza kwenye shina la vali. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na huenda tatizo ni kabureta au kichungi cha hewa kilichoziba. Mvuke mweupe wa asubuhi unaoisha injini ikipata joto ni unyevu tu.

Kipimo cha pili ni cha kompresheni. Rekebisha kwanza nafasi ya vali, kwa sababu vali iliyokazwa mno haifungi vizuri na itakudanganya. Kisha toa plagi, funga kipimo cha kompresheni mahali pake, fungua moto mpaka mwisho na upige teke mara kadhaa hadi mshale usiongezeke tena. Linganisha na kiwango cha kitabu cha pikipiki yako. Ikiwa ni chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Kompresheni ikipanda sana, oili imeziba mwanya wa ringi, kwa hivyo shida iko kwenye ringi na silinda. Isipopanda, angalia vali au gasketi ya kichwa.

Sikiliza pia chini. Ukisikia mgongo mzito kutoka kwenye kranki, au ukigundua baada ya kufungua kwamba konrodi inacheza kwenda juu na chini, usitumie pesa juu pekee. Beringi ya chini iliyokufa haiponywi na pistoni mpya.

MAANDALIZI

Osha injini na uiache ikauke kabla ya kugusa nati yoyote. Mchanga ulioganda nje ndio utakaoanguka ndani. Tafuta mahali pasipo na upepo wa vumbi, tandika gunia safi au katoni, na uweke mikebe midogo ya nati, kila hatua na mkebe wake. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu.

Vifaa vya lazima ni soketi na spana za milimita, spana ya toki ya kupimia nguvu ya kukaza, fila geji ya kupimia nafasi ndogo, koleo ya kutolea klipu, na kitabu cha injini yako. Spana ya toki na fila geji si vya kila nyumba. Wanachama wa steji moja wanaweza kuchanga na kununua seti moja wakaitumia kwa zamu.

Kazi ifanyike injini ikiwa baridi. Kichwa cha aluminiamu kikilegezwa kikiwa moto kinaweza kupinda. Vilevile, usioshee vipuri kwa petroli karibu na jiko, sigara au taa ya moto.

KUFUNGUA HATUA KWA HATUA

1. Mwaga oili kwenye chombo. Toa tangi la petroli, paipu ya moshi, kabureta na plagi.

2. Zungusha kranki polepole mpaka pistoni ifike juu kabisa na alama ya T kwenye flaiwili ilingane na alama ya kwenye kifuniko. Vali zote mbili ziwe zimelegea. Kama moja imebanwa, zungusha mzunguko mmoja zaidi.

3. Toa kikaza mnyororo wa taimingi kwanza, ndipo ulegeze gia ya juu. Funga mnyororo kwa waya ili usitumbukie ndani. Injini za mtindo wa Honda CG125 hazina mnyororo huu, bali zina fimbo mbili za kusukuma vali. Weka alama ili kila fimbo irudi mahali pake.

4. Legeza nati za kichwa kwa msalaba, kila moja kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho. Kichwa kikigoma, kigonge kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao. Usichokoe kwa bisibisi, kwani utakwaruza uso wa gasketi.

5. Inua silinda taratibu. Kabla hujagusa klipu za pini ya pistoni, ziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi. Klipu moja ikianguka chini hapo, kazi ya siku moja inaweza kuwa kazi ya kupasua injini yote.

PIMA: HAPA NDIPO PESA HUOKOLEWA AU HUPOTEA

Tazama ukuta wa silinda kwenye mwanga na upitishe ukucha. Mkwaruzo unaokamata ukucha hautarekebishwa na ringi. Ukihisi ukingo karibu na juu, hapo ndipo safari ya ringi huishia, na ukingo huo unaonyesha kiasi ambacho ukuta wa chini yake umelika.

Sasa chukua ringi moja mpya ya juu ya saizi ya silinda yako. Iweke peke yake chini kabisa ya silinda, mahali ambapo ringi huwa haifiki, uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Pima pengo la ncha zake kwa fila geji. Kisha ihamishe hadi sentimita moja hivi kutoka juu, ambako silinda hulika zaidi, na upime tena.

Tuseme chini umepata milimita 0.20 na juu 0.55. Tofauti ni 0.35. Gawanya kwa 3.14 na utapata karibu 0.11. Hiyo ndiyo milimita ambayo kipenyo cha silinda kimeongezeka, maana pengo hukua sawa na mzingo wa duara. Ni karibu unene wa karatasi moja ya kuandikia. Yaonekana kitu kidogo, lakini vitabu vingi vya injini za ukubwa huu huweka kikomo cha uchakavu karibu na milimita 0.10. Silinda hiyo imepita, na ringi mpya ndani yake ni pesa iliyochomwa.

Kabla ya kuitoa ringi, iangalie kwa mwanga kutoka upande wa pili. Ukiona mwanga ukipenya kati ya ringi na ukuta, silinda imekuwa yai, si duara tena. Karakana ya mashine inaweza kuthibitisha kwa kipimo cha ndani cha silinda, na ni vyema uende nayo huko hata kama unafanya kazi iliyobaki mwenyewe.

Baada ya kupima, kuna njia tatu:

• Silinda iko ndani ya kikomo, haina mkwaruzo na pistoni ni nzima: ringi mpya zinatosha, baada ya ukuta kukwaruzwa kidogo kwa mawe maalumu ili ushike oili na ringi zikae.

• Silinda imepita kikomo lakini ina bomba la chuma ndani, ambalo mafundi huliita silivu: inapanuliwa kwa mashine na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Saizi za kawaida ni 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 ya milimita juu ya ile ya kiwandani, ingawa si kila injini hupatikana na zote.

• Silinda imeshapanuliwa hadi mwisho, au ukuta wake umepakwa madini magumu badala ya kuwa na silivu: badilisha silivu, au nunua silinda na pistoni yake kwa pamoja.

Ukichagua kupanua, nunua pistoni kwanza, uipeleke karakana pamoja na silinda. Mashine inapaswa kufuata pistoni iliyo mkononi, kwa sababu hata pistoni zenye namba moja hutofautiana kidogo kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Anayepanua kwanza kisha akatafuta pistoni anacheza bahati nasibu.

Usisahau kichwa. Kigeuze, mimina mafuta taa kidogo kwenye njia ya hewa na njia ya moshi, kisha tazama upande wa vali. Zikivuja, zitolewe na kusagwa kwa dawa ya kusagia vali mpaka mviringo wa kijivu usiokatika uonekane. Maadamu umefungua, weka sili mpya za vali. Ni kitu kidogo, na kuziacha za zamani kunaweza kurudisha moshi uleule ulioufukuza.

KURUDISHA KWA USAFI

Silinda ikitoka karakana huwa imebeba unga wa chuma na wa mawe usioonekana kwa macho. Petroli haiutoi wote. Ioshe kwa maji moto na sabuni kwa brashi, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha ikaushe na kuipaka oili mara moja kabla haijapata kutu. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na unga uliobaki hukata ringi mpya ndani ya muda mfupi.

Pima pengo la kila ringi ya juu kabla ya kuifunga. Kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 56 hivi, pengo la karibu 0.2 ni la kawaida, lakini fuata kitabu chako. Pengo dogo mno ni baya kuliko kubwa kidogo, kwa sababu ringi hurefuka ikipata joto, ncha zikagusana na ringi ikavunjika au kukwama. Upande wa ringi wenye maandishi huelekea juu, na mapengo yasipangwe mstari mmoja. Yatawanye kuzunguka pistoni.

Angalia alama juu ya pistoni. Neno IN huelekea upande wa kabureta, na mshale mara nyingi huelekea upande wa paipu ya moshi. Tumia klipu mpya, na mdomo wa klipu usikae sawa na tundu la kutolea. Paka oili kwenye pistoni, ringi na ukuta. Weka gasketi mpya kavu, na uhakikishe pini za mwongozo na mipira midogo ya njia ya oili imerudi. Silikoni nyingi hapa huziba njia ya oili kwenda juu, na kemshafti huungua.

Kaza nati za kichwa kwa msalaba, kwa awamu mbili au tatu, hadi nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Linganisha alama za taimingi, rudisha ndani mti wa kikaza mnyororo kabla ya kukifunga, kisha zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama, simama. Usiilazimishe kwa teke, kwani huenda vali inagonga pistoni. Mwisho rekebisha nafasi ya vali injini ikiwa baridi na utie oili mpya ya daraja linalotajwa na kitabu.

TAFUTA MUUAJI WA RINGI ZA KWANZA

Injini iliyofunguliwa imekupa nafasi ya kujua ilikufaje. Katika barabara zetu za murram mshukiwa wa kwanza ni vumbi. Wengine hutoa kichungi cha hewa wakidhani injini itapata nguvu, na wengine huendesha na kilichotoboka, au bomba la kabureta lililopasuka. Vumbi likichanganyika na oili huwa msasa unaofanya kazi kila sekunde. Mshukiwa wa pili ni oili iliyopungua au kukaa muda mrefu kupita kiasi. Wa tatu ni joto: mapezi ya silinda yaliyozibwa na matope, au kabureta inayotoa petroli kidogo mno. Ukifunga injini bila kuondoa sababu, umeanza tu kuhesabu siku za ringi mpya.

WIKI YA KWANZA BARABARANI

Washa injini mahali pa wazi, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua. Moshi kidogo wa oili ya kufungia ni wa kawaida kwa dakika chache. Usiiache ikinguruma tu pale ilipo. Iendeshe taratibu ukibadilisha mwendo, ukikaza na kulegeza moto, kwa sababu ringi hukaa kwa msukumo wa gesi. Epuka mizigo mizito, milima mirefu na mwendo wa kasi usiobadilika. Badilisha oili mapema, ndani ya kilomita 300 hadi 500 za kwanza, na upime tena nafasi ya vali. Kwa anayetembea kilomita 100 kwa siku, huo ni uvumilivu wa chini ya wiki moja.

MAMBO YA SHERIA NA MAZINGIRA

Namba ya injini kwa kawaida hugongwa kwenye ganda la chini. Kwa hivyo kubadilisha pistoni, silinda au kichwa hakubadilishi namba hiyo. Lakini ukishawishiwa kununua injini nzima ya mtumba, namba itakuwa nyingine na lazima badiliko hilo lisajiliwe kwa NTSA. Omba hati za mahali injini ilikotoka, usije ukashikwa na mali ya wizi.

Oili iliyotumika isimwagwe kwenye mtaro, shambani au karibu na kisima. Ikusanye kwenye mtungi wenye kifuniko na uipeleke kwa karakana au kituo kinachokusanya oili chafu kupitia wakusanyaji wenye leseni ya NEMA.

Unaponunua spea, omba risiti, chunguza kifungashio na ulinganishe namba. Kama kazi unampa fundi, mwombe mambo matatu: vipimo vya silinda viandikwe kabla ya kununua chochote, vipuri vya zamani urudishiwe mkononi, na makubaliano yaseme nini kitafanyika moshi ukirudi. Fundi anayepima hatachukizwa na maswali hayo.

Vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii wanaweza kuuliza kuhusu kozi ya ufundi wa magari na pikipiki katika kituo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu nao. Vituo hivyo viko chini ya serikali za kaunti, na ofisi ya wadi inaweza kukuelekeza. Pikipiki hazipungui barabarani, na fundi anayejua kutumia fila geji hakosi kazi.